Mama amebadilishiwa nyonga wiki tatu zilizopita: alale vipi, na kwa nini usingizi hukatika kila saa nane usiku?

#1 Binti wa Magomeni
Habari za jioni wanajukwaa. Mama yangu ana umri wa miaka 67, na wiki tatu zilizopita alibadilishiwa nyonga ya kushoto baada ya gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, kulika kwa miaka mingi. Upasuaji ulikwenda vizuri, mshono umekauka, na mchana anatembea na fremu ya kutembelea kutoka chumbani hadi barazani bila kulalamika. Shida ni usiku. Tulipotoka hospitali tuliambiwa alale chali na mto katikati ya mapaja, asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asivushe mguu mmoja juu ya mwingine wala asigeuze vidole vya mguu kuelekea ndani, na hayo yote kwa wiki 6. Mama amelala ubavu maisha yake yote. Sasa anasinzia saa tatu, lakini ikifika saa nane anaamka, na kuanzia hapo hadi adhana ya alfajiri ni kuugua na kuniita nimsogezee mto.

Shangazi alikuja juzi akamwekea mto chini ya goti, na mama anasema hiyo ndiyo nafuu pekee aliyoipata tangu arudi nyumbani. Naomba mnisaidie mambo mawili: alale vipi, na kwa nini ni saa nane na si saa nyingine? Nimefika mahali naiogopa saa hiyo kabla haijafika.

#2 Sista Mstaafu
Pole sana mwanangu. Nimefanya uuguzi wodi ya mifupa kwa miaka 22, kwa hiyo kabla ya habari ya mto nakuuliza: dawa ya mwisho ya maumivu mama anameza saa ngapi? Nauliza kwa sababu familia nyingi hutoa dawa pamoja na chakula cha usiku, saa mbili. Parasetamoli hufanya kazi kwa saa nne hadi sita. Hesabu mwenyewe kuanzia saa mbili, utaona inakufikisha wapi.

#3 Seremala wa Keko
Nampa Sista nafasi yake kwenye dawa, mimi nizungumzie kitanda, kwa sababu hapo ndipo watu wengi husahau. Mwaka juzi mama mkwe alifanyiwa upasuaji kama huo, na alipofika nyumbani tulikuta kitanda chake ni kifupi mno. Kila alipokaa pembeni, magoti yalikuwa juu kuliko nyonga, na hapo zile nyuzi 90 zilishavukwa kabla hajafanya kosa lolote. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mama akiwa amesimama na viatu vyake vya ndani, kisha uongeze inchi 2 hivi. Godoro likishabonyea kwa uzito wake, ukingo wa kitanda usiwe chini ya kipimo hicho.

Kukinyanyua kitanda, usitumie matofali. Tofali hupasuka, na mguu wa kitanda huteleza juu yake. Mwambie fundi akukatie vipande vinne vya mbao ngumu, kila kimoja kichimbwe kishimo cha kina cha inchi 1 ili mguu wa kitanda uzame humo. Kama godoro limebonyea katikati, weka ubao wa plaiwudi juu ya chaga. Mtu aliyezama kwenye shimo la godoro hawezi kujigeuza wala kujinyanyua, na usiku mzima anapigana nalo.

#4 Mzee wa Pangani
Salaam. Mimi mwenyewe nilibadilishiwa nyonga ya kulia nikiwa na miaka 71, na sikubaliani na Sista kwamba sababu ni dawa. Maumivu hayajui saa. Kilichoninyima usingizi ni mchana. Wageni walikuja kunijulia hali tangu asubuhi, na wakiondoka nilikuwa hoi, basi naliwekwa kitandani baada ya chakula na kulala hadi alasiri. Mtu aliyelala kwa muda wa saa tatu mchana na akalazwa tena saa tatu usiku, ifikapo saa nane mwili umeshatosheka. Siku niliyoamua kukaa barazani hadi jua lizame, na kulala mchana nusu saa tu nikiwa kitini, ndipo usiku ulianza kurudi. Binti, mama analala mchana kwa muda gani?

#5 Mtaalamu wa Viungo
Nafanya kazi ya fiziotherapia, na naomba nisimamishe jambo moja kabla halijaendelea: ule mto chini ya goti. Najua unamfariji, na shangazi ameuweka kwa upendo, lakini mtu aliyeugua nyonga kwa miaka mingi tayari misuli ya mbele ya nyonga yake imefupika. Mto ukikaa chini ya goti usiku kucha, nyonga inabaki imekunjwa, misuli inazidi kufupika, na baada ya miezi miwili mgonjwa anatembea ameinama mbele na anashangaa kwa nini. Pia mto unakandamiza mishipa nyuma ya goti katika kipindi ambacho tunahangaika kuzuia damu isigande.

Kama anachotafuta ni kupumzisha mguu, kunja taulo na uliweke chini ya shavu la mguu, ili kisigino kisiguse godoro. Wazee wengi wanaolala chali huamshwa na kisigino, nao wanadhani ni nyonga. Mwinulie kisigino cha kushoto asubuhi, mwangalie kama kina wekundu.

#6 Mama Neema, Moshi
Hapa ndipo tunapochanganyana. Mimi nilipasuliwa miezi minane iliyopita, na niliruhusiwa na daktari wangu mwenyewe kuweka mto mwembamba chini ya paja na goti. Wala sikupewa sharti la mto katikati ya mapaja. Nililala nilivyotaka tangu wiki ya pili, isipokuwa kifudifudi. Sasa Mtaalamu anasema mto chini ya goti ni hatari, na daktari wangu alisema hauna neno. Tumwamini nani?

#7 Mtaalamu wa Viungo
Mama Neema, umeuliza swali ambalo lingetakiwa kuwa la kwanza. Nakisia ulipasuliwa kwa mbele, na mama yake Binti, kwa masharti aliyopewa, amepasuliwa kwa nyuma.

Daktari anaweza kuifikia nyonga kwa kupitia mbele, ubavuni au nyuma. Anayepitia nyuma hukata misuli midogo inayolizungusha paja kwenda nje, kisha huishona tena baada ya kuweka nyonga bandia. Mpaka ishike, mlango wa nyuma ni dhaifu, na mkunjo mkubwa unaoambatana na mguu kuvuka katikati ya mwili na vidole kugeukia ndani unaweza kukichomoa kichwa cha nyonga kwenye kikombe chake. Mgonjwa anayelala ubavu bila mto huyafanya yote matatu kwa pamoja akiwa usingizini: goti la juu linaanguka mbele, linavuka, linageuka. Ndiyo maana ya ule mto. Anayepasuliwa kwa mbele hatari yake ni kinyume, yaani mguu kupelekwa nyuma huku vidole vikigeukia nje, kwa hiyo kulala kifudifudi au kunyoosha mguu nyuma ndiko anakokatazwa, na mkunjo mdogo wa goti kwake ni nafuu.

Kwa hiyo asiwepo wa kuchukua sharti la jirani. Soma karatasi ya kutoka hospitali, au mpigie daktari umuulize alipitia wapi.

#8 Mkazi wa Leicester
Asante Mtaalamu kwa maelezo hayo. Niongeze la huku Uingereza, ambako mke wangu alipasuliwa kwa nyuma, na bado daktari wake hakumpa masharti ya kulala. Alimwambia alale kwa namna itakayompa raha. Nilipouliza kwa nini, akanieleza kwamba masharti mengi yalirithiwa tangu enzi za John Charnley, daktari Mwingereza wa mifupa aliyeanza kuweka nyonga ya aina yake katika hospitali ya Wrightington mwaka 1962. Kichwa cha nyonga ile kilikuwa na kipenyo cha milimita 22 tu, nacho kilichomoka kwa urahisi zaidi. Siku hizi vichwa vya milimita 32 au 36 ni vya kawaida, na kichwa kikubwa husafiri mbali zaidi kabla ya kutoka kwenye kikombe. Nisingemtesa mama wa watu kwa wiki 6 kwa sababu ya kanuni ya mwaka 1962.

Ila jambo moja huku hufanywa vizuri: kabla ya upasuaji tulijaza fomu yenye urefu wa kitanda, kiti na choo chetu, na vinyanyua vya kitanda vikaletwa kabla hajalazwa. Seremala, wewe ungepata kazi huku.

#9 Mtaalamu wa Viungo
Ndugu wa Leicester, historia yako ni sahihi, na ni kweli kwamba madaktari wengi wamelegeza masharti. Lakini ukubwa wa kichwa ni kitu kimoja tu. Uimara wa misuli, namna kikombe kilivyokaa, hali ya mgongo, na hata kumbukumbu ya mgonjwa vyote vina nafasi yake. Aliyeiona nyonga ya mama ikiwa wazi mezani ni daktari wake peke yake. Akilegeza yeye, nitafurahi. Tukilegeza sisi hapa jukwaani, tutakuwa tumemkosea mgonjwa.

#10 Mpita Njia
Wadau mnazunguka sana. Mpe piritoni mbili saa tatu usiku na diklofena moja, atalala mpaka asubuhi. Bibi yangu hutumia.

#11 Sista Mstaafu
Nakuomba sana Binti, usifuate #10, na wewe uliyeandika nakuomba usiwape watu ushauri huo tena. Mama wa wiki ya tatu bila shaka bado yuko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda. Wengi wa nyonga huandikiwa kwa siku 35. Ukimwongezea diklofena bila daktari kujua, unamwalika kutokwa na damu tumboni. Piritoni kwa mtu wa miaka 67 huleta kizunguzungu na kuchanganyikiwa. Ataamka usiku asijue yuko wapi, atasimama bila fremu, na ataanguka. Kama pia amepewa tramado, ile dawa kali ya maumivu, dawa yoyote ya kuleta usingizi juu yake inaweza kupunguza pumzi. Nimeyaona hayo wodini, na sipendi kuyaona nyumbani kwa mtu.

#12 Kijana wa Nyakato
Habari wakubwa. Ninaandika kama mgonjwa asiye mzee. Nina selimundu, na kichwa cha mfupa wa paja kilikufa kwa kukosa damu nikiwa na miaka 26, nikabadilishiwa nyonga nikiwa na miaka 29. Watu wakisikia nyonga bandia hufikiria bibi na babu, kumbe wodini nilikuta wenzangu watatu wa umri wangu.

Kuna ushauri niliosikia mara nyingi, kwamba mgonjwa aache kunywa maji baada ya magharibi ili asiamke kwenda haja ndogo. Kwa mama yake Binti huenda unafaa, lakini mwenye selimundu asiufuate hata siku moja, kwa sababu upungufu wa maji unaweza kumletea maumivu makali ya ugonjwa wenyewe. Mimi nilikunywa maji yangu, nikawa naamka mara mbili, na mdogo wangu alikuwa akiniwekea chombo cha mkojo mkononi. Na hapa nina maelezo yangu kuhusu saa nane: kinachomwamsha mtu huenda ni kibofu, ila anapofungua macho jambo la kwanza analolisikia ni nyonga, basi lawama zote zinaiangukia nyonga.

#13 Binti wa Magomeni
Nawashukuru wote. Nimefanya uchunguzi na naleta majibu.

Sista, ni kweli kabisa, dawa ya mwisho ilikuwa saa mbili. Nilimpigia daktari, akakubali dozi ya usiku isogezwe hadi saa nne, na nyingine iwekwe karibu na maji na biskuti kwa ajili ya saa kumi, mradi zisizidi nne kwa siku. Mzee wangu wa Pangani, mama alikuwa analala mchana kwa saa mbili na zaidi. Sasa tunamweka barazani. Mtaalamu, kisigino kilikuwa chekundu. Nililia nilipokiona, kwa sababu nilikuwa namuogesha kila siku na sikuwa nimekigusa. Taulo liko chini ya shavu la mguu tangu jana. Na daktari amethibitisha kwamba alipitia nyuma, kwa hiyo mto wa shangazi umeondoka, na shangazi amekasirika kidogo.

Usiku wa kwanza mama aliamka saa nane. Usiku wa pili aliamka saa tisa. Kwa kuwa nimebadilisha mambo kadhaa kwa mara moja, siwezi kusema ni lipi lililosaidia.

#14 Mzee wa Pangani
Ni kulala mchana. Nimefurahi.

#15 Sista Mstaafu
Ni dawa, Mzee wangu. Saa moja aliyoongeza imekuja baada ya dozi kusogezwa mbele. Binti, kama mama ana uzito chini ya kilo 50 mkumbushe daktari, maana wepesi hupunguziwa dozi. Na muulize kama anapata choo; tramado hufunga tumbo, na mtu mwenye tumbo lililojaa hawezi kulala chali akatulia.

#16 Mama Neema, Moshi
Naomba kuuliza kuhusu chandarua, kwa sababu hakuna aliyekitaja. Mimi nilikuwa na chandarua cha pembe nne, na kila nilipokichomeka chini ya godoro nilijikuta nimejinyonga kiuno na kuinama, na hayo ndiyo yaliyonipa maumivu kuliko kulala kwenyewe. Mwanangu alinibadilishia kile cha duara kinachoning'inia, halafu yeye ndiye aliyekuwa akikichomeka akishanilaza. Usiku nikitaka kushuka niliacha upande mmoja tu wazi, upande ninaoshukia, ili mguu usinaswe.

#17 Mtaalamu wa Viungo
Umetaja jambo kubwa. Chandarua kichomekwe na mtu mwingine. Na kuhusu upande wa kushukia, mgonjwa aliyepasuliwa kwa nyuma namshauri ashukie upande wa mguu uliopasuliwa, ili mguu huo utangulie kutoka nje badala ya kuvuka katikati ya mwili. Akae pembeni dakika moja kabla ya kusimama, maana damu ya mtu aliyelala muda mrefu huchelewa kupanda kichwani. Ikiwa anapata shida kujisogeza, mtandike kitambaa cha satini chini ya makalio peke yake. Kikifika kwenye visigino, miguu itateleza na hataweza kujisukuma.

#18 Bin Seif, Maskati
Assalaam alaykum. Huku kwetu tatizo kubwa ni majlisi, yaani chumba cha kukaa na wageni. Baba alikuwa ameshazoea kukaa na kupumzika kwenye magodoro ya chini, na kila mgeni akija alitaka kushuka pamoja naye. Ilibidi tuweke kiti kirefu chenye mikono ndani ya majlisi na kumkalisha humo. Alikuwa akiswali kitini, na sheikh alimtuliza kwamba hilo halina dosari kwa mgonjwa. Nataja hilo kwa sababu baba naye alikuwa akiamka usiku wa manane, na tulidhani ni maumivu mpaka alipotueleza kwamba miaka 40 amekuwa akiamka saa hiyo kwa ajili ya tahajudi, swala ya usiku. Mwili wake uliamka kwa mazoea, na kwa kuwa hakuweza kuinuka, alibaki macho akihuzunika. Binti, kabla ya kuugua mama alikuwa akiamka saa ngapi?

#19 Binti wa Magomeni
Bin Seif, umenishtua. Mama aliuza maandazi na chapati kwa miaka 30, na aliamka saa tisa kila siku kukanda unga. Sikuwahi kulihusisha jambo hilo.

#20 Dada wa Chumbageni
Mimi nina mawazo tofauti na ninyi nyote, nayo ni hofu. Baada ya upasuaji mama yangu aliniambia, tena baada ya miezi kadhaa, kwamba alikuwa akiogopa kusinzia kwa sababu alidhani akijigeuza nyonga itachomoka naye hatajua. Tulimsomea masharti kila siku kama onyo, na hakuna aliyemwambia kwamba kujigeuza kwa bahati mbaya mara moja si lazima kulete madhara. Nilihamishia godoro langu chumbani kwake, na tangu hapo alilala. Je, mama yako analala peke yake?

#21 Sista Mstaafu
Nakubaliana na Dada kwa nusu, na nusu nabaki na dawa yangu. Lakini kabla hatujasahau: miguu ya mama iangaliwe yote miwili kila siku. Uvimbe wa mguu uliopasuliwa ni wa kawaida kwa wiki kadhaa, nao hupungua mguu ukinyanyuliwa. Shavu la mguu likiuma, likawa la moto au gumu, au uvimbe ukaongezeka ghafla, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa kifua au kukosa pumzi usiku, msisubiri kukuche. Vivyo hivyo nyonga ikiuma ghafla, mguu ukaonekana mfupi na umegeuka, asinyanyuliwe wala asinyooshwe na mtu yeyote nyumbani.

#22 Seremala wa Keko
Binti, kitanda kimepimwa?

#23 Binti wa Magomeni
Kimepimwa, kaka. Kilipungua inchi 3 na nusu. Fundi wa mtaani alikata vipande kama ulivyoelekeza, na mama sasa anasimama bila kuvutwa mkono.

Leo ni wiki ya saba. Daktari alimwona Jumanne na kumruhusu kulala ubavu wa kulia, ule ambao haukupasuliwa, mradi mito miwili ikae kutoka katikati ya mapaja hadi kwenye vifundo vya miguu, ili mguu wa juu usianguke mbele. Ubavu wa kushoto atausubiri mpaka kovu liache kuuma likiguswa. Usiku ule wa kwanza wa ubavu alilala saa sita mfululizo, na mimi niliyehamia chumbani kwake ndiye niliyekuwa macho nikisikiliza pumzi zake.

Bado huamka, wakati mwingine saa tisa, wakati mwingine saa tisa na nusu, ila haugulii maumivu tena. Jana nilimkuta amekaa pembeni ya kitanda, miguu yote miwili sakafuni, ananiuliza kama unga umebaki.

#24 Mzee wa Pangani
Mwache akande, lakini meza iwe ndefu. Seremala, mpimie.